Mali bila daftari hupotea bila habari: namna kumbukumbu za mali za kata zinavyoingizwa katika mfumo wa kompyuta

Kila kata ya halmashauri yetu ina mali ambazo wananchi huzitumia kila siku bila kujiuliza zimeandikwa wapi. Kuna madawati ya shule, vitanda vya kujifungulia, jokofu la chanjo la zahanati, pikipiki ya afisa ugani, kiwanja cha shule ya sekondari na ofisi ya kijiji iliyosimama kwa nguvu za wananchi. Kwa miaka mingi kumbukumbu za mali hizo zimekaa katika leja za karatasi na katika lahajedwali za kompyuta, kila idara na yake, kila kituo na chake. Kazi inayoendelea sasa ni ya kuzikusanya kumbukumbu hizo na kuziingiza katika programu moja ya usimamizi wa mali.

Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ni ya wataalamu wa TEHAMA peke yao. Sivyo. Kompyuta hupokea ilichopewa bila kujua kama ni kweli, na anayejua kwamba jokofu liko zahanati hii na si ile, au kwamba ghala ni la kijiji na si la halmashauri, ni mwananchi wa pale. Makala hii inaeleza namna kumbukumbu zinavyosafiri kutoka kwenye daftari hadi kwenye programu, mahali ambapo huweza kuharibika njiani, na mambo ambayo mkazi wa kata anaweza kuyakagua kabla kazi haijafungwa.

Rejesta ya mali ina manufaa gani kwa mwananchi?

Rejesta ya mali ni orodha inayoonyesha kila mali ya umma, mahali ilipo, ilipatikana lini na kwa njia gani, thamani yake, hali yake na nani mwenye dhamana nayo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, pamoja na Memoranda ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2009, zinaitaka halmashauri kutunza hesabu na mali zake kwa utaratibu. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na hesabu za mwisho wa mwaka hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mkaguzi akifika katika kituo na kuikuta mali isiyo katika rejesta, au akaikuta katika rejesta mali isiyokuwepo kituoni, hapo pana hoja ya ukaguzi.

Manufaa kwa mkazi wa kata ni ya karibu zaidi. Mali isiyoandikwa haina anayedaiwa inapotoweka. Haiingii katika makadirio ya matengenezo, kwa kuwa anayeandaa bajeti hupanga kwa kuitazama orodha. Kiwanja cha umma kisichoandikwa ni rahisi kumegwa kidogo kidogo mpaka uwanja wa michezo unabaki njia ya miguu. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la zama hizi ni la kompyuta.

Ni vema kusema wazi pia kwamba kuandikwa katika rejesta hakuihakikishii mali fedha za matengenezo. Fedha hutegemea bajeti na vipaumbele. Lakini mali ambayo haimo katika orodha haifiki hata mezani ili ijadiliwe.

Faili linalobeba kumbukumbu

Halmashauri yenye shule, zahanati na ofisi nyingi ina maelfu ya mali. Kuziandika upya moja moja katika programu mpya kungechukua miezi, na kila anayeandika angeongeza makosa yake. Kwa hiyo programu nyingi za usimamizi wa mali huruhusu kumbukumbu ziingizwe kwa mkupuo kutoka katika faili la maandishi matupu linaloitwa CSV. Herufi hizo tatu ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya thamani zilizotenganishwa kwa mkato.

Ubora wa faili hilo ni wepesi wake. Kila mstari ni mali moja. Ndani ya mstari, kila taarifa hutengwa na inayofuata kwa alama moja, aghalabu mkato, na alama hiyo huitwa kitenganishi. Mstari wa kwanza hubeba vichwa vya safu, yaani majina ya taarifa zitakazofuata. Tuchukue mfano wa kubuni wa jokofu la chanjo katika zahanati tutakayoiita Mwembeni:

namba,maelezo,mahali,tarehe,thamani,mmiliki,hali
0047,Jokofu la chanjo,Zahanati ya Mwembeni,2021-07-03,9600000,Halmashauri,Linafanya kazi

Faili la namna hii halina rangi, halina mistari ya jedwali, halina kanuni za kukokotoa. Kwa sababu hiyo karibu kila programu huweza kulisoma, iwe ya zamani au mpya, ya kununua au ya bure. Mwaka 2005 kanuni za msingi za mafaili haya ziliandikwa katika waraka wa kiufundi unaojulikana kama RFC 4180, ingawa hadi leo programu hutofautiana katika namna zinavyozifuata.

Wepesi huo huo ndio udhaifu wake. Faili halijui kwamba 0047 ni namba ya mali wala kwamba 9600000 ni shilingi. Maana yote hutokana na nafasi: taarifa ya tano ni thamani kwa kuwa imekaa nafasi ya tano. Nafasi ikisogea, maana nayo husogea.

Mkato mmoja unavyoweza kushusha thamani

Kosa la kwanza na la kawaida linatokana na mazoea yetu mema ya kuandika fedha. Sote huandika shilingi 9,600,000 kwa mikato ili isomeke vizuri. Lakini katika faili ambalo mkato ndio kitenganishi, programu itaiona tarakimu hiyo kuwa ni taarifa tatu: 9, kisha 600, kisha 000. Jokofu litaandikwa kuwa na thamani ya shilingi 9. Safu ya mmiliki itajazwa 600, safu ya hali itajazwa 000, na maneno "Halmashauri" na "Linafanya kazi" yatabaki nje ya safu zote.

Vivyo hivyo hutokea kwa maelezo. Karani akiandika "Meza, viti vinne na kabati" katika safu ya maelezo, mkato wa baada ya neno meza utakata mstari vipande viwili. Njia za kulizuia kosa hili ni tatu. Ya kwanza ni kuandika fedha bila mikato. Ya pili ni kuyafunga maneno yenye mkato ndani ya alama za nukuu, ili programu ijue kwamba mkato ule ni sehemu ya maelezo. Ya tatu ni kutumia kitenganishi kingine, kwa mfano nukta mkato, mradi programu inayopokea imeelezwa hivyo.

Programu nzuri huukataa mstari wenye taarifa nyingi kuliko vichwa vya safu, na huuandika katika ripoti ya makosa. Programu nyingine huupokea kimyakimya. Kwa hiyo haifai kuitegemea programu peke yake. Jumla ya thamani ya mali zote hukokotolewa katika faili kabla ya kuingiza, hukokotolewa tena ndani ya programu baada ya kuingiza, na tarakimu mbili hizo hulinganishwa. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, kazi husimama mpaka sababu ipatikane.

Tarehe, sifuri na ritifaa

Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Hivyo 03/07/2021 kwetu ni tarehe 3 Julai 2021. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia, itaisoma kuwa 7 Machi 2021. Ubaya ni kwamba haitalalamika, kwa kuwa tarehe zote mbili zinawezekana katika kalenda. Italalamika tu ikifika 25/07/2021, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Hivyo katika faili moja baadhi ya tarehe zitakataliwa na nyingine zitapokelewa zikiwa zimegeuzwa, nazo hizi za pili ndizo za hatari.

Madhara yake ni ya kihasibu. Tarehe 3 Julai 2021 imo katika mwaka wa fedha 2021/22, lakini 7 Machi 2021 imo katika mwaka wa fedha 2020/21. Mali itaonekana ilinunuliwa kwa fedha za mwaka ambao haikununuliwa. Uchakavu nao hubadilika. Tuseme jokofu letu la mfano lenye thamani ya shilingi 9,600,000 limekadiriwa kutumika miaka 8. Uchakavu wake wa kila mwaka ni shilingi 1,200,000. Kulirudisha nyuma kwa takriban miezi minne ni kulipunguzia thamani karibu shilingi 400,000 ambazo hazijachakaa. Dawa yake ni kuziandika tarehe zote kwa mtindo wa kimataifa unaoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2021-07-03. Mtindo huo hausomeki kwa njia mbili.

Kosa jingine ni la sifuri zinazotangulia. Lahajedwali ikiona 0047 hudhani ni tarakimu ya kuhesabia, ikaiacha 47. Namba iliyobandikwa ubavuni mwa jokofu haitafanana tena na namba iliyo katika programu. Namba ndefu nazo zina mkasa wake: Excel hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo, na namba ya kiwandani yenye tarakimu 16 au zaidi hugeuzwa sifuri mwishoni. Kwa sababu hiyo safu za namba za utambulisho hutangazwa kuwa ni maandishi kabla faili halijafunguliwa katika lahajedwali.

La mwisho katika kundi hili linahusu lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakina herufi nyingi za ajabu, lakini kina ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika neno ng'ombe. Vijiji, vitongoji na majina ya ukoo mengi yanayo. Alama hiyo inapoandikwa kwa umbo lililopinda, na faili likahifadhiwa kwa usimbaji mmoja wa herufi kisha likasomwa kwa mwingine, Ng’ambo hugeuka Ngâ€™ambo. Anayetafuta mali za Ng’ambo katika programu ataambiwa hakuna. Faili lote likihifadhiwa na kusomwa kwa usimbaji wa UTF-8, tatizo hilo halitokei.

Kituo kimoja, majina matatu

Programu ya usimamizi wa mali haiandiki jina la kituo upya kwa kila mali. Hutunza orodha ya vituo, na kila mali huunganishwa na kituo chake katika orodha hiyo. Faili likiwa na "Zahanati ya Mwembeni" katika mstari mmoja, "Mwembeni Zahanati" katika mwingine na "Zah. Mwembeni" katika wa tatu, programu huweza kuunda vituo vitatu. Siku Mganga Mfawidhi anapoomba orodha ya mali za kituo chake atapewa theluthi, na theluthi mbili zitaonekana ni za vituo visivyokuwepo.

Kwa hiyo orodha ya kata, vijiji na vituo huingizwa kwanza na kufungwa. Baada yake huingizwa aina za mali. Mali zenyewe huingizwa mwisho, na mstari wowote wenye jina la kituo lisilofanana na orodha hukataliwa ili urekebishwe kwa mkono.

Majengo na viwanja huongezewa viwianishi, yaani vipimo vya mahali katika ramani. Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa Tanzania yote iko kusini mwa ikweta na vipimo vya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Jiji la Dodoma, kwa mfano, liko karibu na -6.17 na 35.74. Alama ya kutoa ikidondoka njiani, kilichokuwa Dodoma kitaonekana kusini-magharibi mwa Ethiopia. Vipimo viwili vikibadilishana nafasi, kitaonekana baharini karibu na Tangier, Moroko. Makosa kama hayo huchekesha yanapoonekana katika ramani. Hayachekeshi ramani hiyo inapotumiwa kuthibitisha mpaka wa kiwanja cha shule.

Safu ya mmiliki

Katika safu zote, hii ndiyo inayostahili kuangaliwa na wananchi kwa makini kuliko nyingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria, chenye uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake. Ghala lililojengwa na kijiji, mashine ya kusaga ya kijiji na ofisi ya kijiji vinaweza kuwa mali ya kijiji na si ya halmashauri ya wilaya.

Programu nyingi zikikuta nafasi iliyo wazi huijaza kwa jibu lililowekwa awali. Kama jibu hilo ni "Halmashauri", basi kila mstari ambao karani aliuacha wazi safu ya mmiliki utageuka mali ya halmashauri, bila kikao, bila muhtasari, bila mtu kukusudia. Kijiji kinaweza kuja kugundua baada ya miaka, siku kinapotaka kukodisha ghala lake. Kwa sababu hiyo safu ya mmiliki haipaswi kuachwa ijijaze. Mstari usiotaja mmiliki hurudishwa kwa Mtendaji wa Kijiji ili ujazwe kwa kurejea mihtasari ya vikao.

Hatari ya upande wa pili ni ya mali zilizojengwa kwa nguvu za wananchi kwa ajili ya huduma za halmashauri, kama vile madarasa, matundu ya vyoo na maboma ya zahanati. Mali iliyonunuliwa huacha nyayo: hati ya malipo, ankara, hati ya kupokelea. Tofali lililofyatuliwa na wananchi, mchanga uliosombwa na mafundi waliojitolea havina ankara. Jengo linasimama, watoto wanasoma ndani yake, na katika kumbukumbu halipo. Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma havikubali hali hiyo. Mali iliyopatikana bila kununuliwa huandikwa kwa thamani yake ya haki ya siku ilipopatikana, na thamani hiyo hukadiriwa na wataalamu. Kukosekana kwa risiti si sababu ya kuiacha nje ya rejesta.

Barabara nyingi za wilaya zinasimamiwa na TARURA tangu mwaka 2017, na usimamizi wa miradi ya maji vijijini uko chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Mali za taasisi hizo zina kumbukumbu zake, hivyo mwananchi asishangae asipoiona barabara au tangi la mradi wa maji katika orodha ya halmashauri.

Siku ya kuingiza

Faili likishasafishwa, kazi ya kuingiza hufuata hatua tano.

1. Nakala rudufu ya kanzidata huchukuliwa na kuhifadhiwa mahali pengine. Jambo likiharibika, hali ya awali hurejeshwa.

2. Vichwa vya safu vya faili hulinganishwa na nafasi za programu. Aliyeandika "mahali" na programu inayosema "kituo" lazima waelewane. Safu isiyolinganishwa haiingii.

3. Jaribio hufanywa kwa mistari michache yenye mchanganyiko wa mali: jengo, gari, samani, kifaa tiba. Matokeo husomwa kwa macho, mstari kwa mstari.

4. Faili zima huingizwa, na ripoti ya mistari iliyokataliwa huhifadhiwa. Kila mstari uliokataliwa ni mali halisi iliyobaki nje, hivyo haufutwi. Hurekebishwa na kurudishwa.

5. Idadi ya mistari ya faili hulinganishwa na idadi ya mali zilizoingia na zilizokataliwa. Mistari 500 ikitoka, lazima 500 zionekane upande wa pili, ziwe zimeingia au zimekataliwa kwa sababu inayojulikana.

Hatua ya tano huonekana ndogo, lakini nchi kubwa imewahi kuumia kwa kuikosa. Mwaka 2020, katika janga la UVIKO-19, maabara nchini Uingereza zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa mafaili ya CSV. Majibu hayo yalihamishiwa katika lahajedwali za muundo wa zamani wa Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikuingia, na mwanzoni hakuna aliyegundua. Wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuhesabiwa kwa wakati, na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ikachelewa. Mafaili ya maabara yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kuhesabu kilichotoka na kilichofika.

Upo pia mtego wa kuingiza faili lile lile mara mbili. Kila mali isipokuwa na namba yake ya pekee, programu haitajua kwamba jokofu la leo ni lile la jana, nayo itaandika majokofu mawili. Mwenye namba ya pekee huulizwa kama anataka kuunda kumbukumbu mpya au kusasisha iliyopo. Katika kusasisha nako kuna tahadhari: nafasi iliyo wazi katika faili jipya huweza kufuta taarifa iliyokuwepo katika programu. Kwa magari na pikipiki, namba ya chesisi hutunzwa pamoja na namba ya usajili, kwa kuwa namba ya usajili huweza kubadilishwa lakini ya chesisi hudumu na chombo.

Mwananchi aangalie nini?

Kabla ya kumbukumbu za kata kufungwa, orodha ya mali za kila kijiji na kituo hubandikwa katika mbao za matangazo na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Muda wa kutoa maoni huandikwa juu ya orodha. Wananchi mnaombwa kuisoma kwa kujiuliza maswali haya:

- Je, ipo mali ya umma mnayoifahamu ambayo haimo katika orodha, hasa iliyojengwa au kutolewa kwa nguvu za wananchi au na wahisani?
- Je, imo mali ambayo haipo tena, imeharibika kabisa au ilihamishwa?
- Je, kituo na kijiji vilivyotajwa ndivyo?
- Je, mmiliki aliyetajwa ni sahihi, kijiji au halmashauri?
- Je, eneo la kiwanja linafanana na mipaka mnayoijua?

Anayeona kosa amweleze Mtendaji wa Kijiji au Mtendaji wa Kata, na aombe liandikwe katika daftari la marekebisho mbele yake. Kwa mali iliyosahaulika, inatosha kutaja ni nini, iko wapi, ilipatikana takriban mwaka gani na kwa njia gani. Muhtasari wa kikao, picha ya zamani au kumbukumbu za kamati ya ujenzi ni ushahidi unaosaidia. Kutokuwa na karatasi hakumzuii mtu kusema.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, madaftari ya zamani yatachomwa?* Hapana. Leja na lahajedwali za awali hutunzwa. Ndizo shahidi wa kwanza ikitokea mabishano kuhusu kilichoingizwa.

*Je, majina na namba za simu za watu zitaonekana katika orodha ya mbaoni?* Orodha hutaja cheo cha mwenye dhamana, kwa mfano Mwalimu Mkuu au Mganga Mfawidhi, bila namba ya simu wala ya kitambulisho. Taarifa za mtu binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na faili la mali halina haja nazo.

*Je, kama kosa litaonekana baada ya kufungwa?* Hurekebishwa, lakini kwa njia ndefu zaidi. Mabadiliko ya thamani au umiliki huhitaji maelezo, idhini na kumbukumbu ya nani aliyebadilisha na kwa nini. Kusahihisha mstari mmoja leo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ni kazi ya dakika chache.

*Je, kijiji kitapata nakala?* Mtendaji wa Kijiji hupewa orodha iliyochapwa ya mali za kijiji chake baada ya kazi kukamilika, naye huitunza ofisini. Mwananchi anaweza kuomba kuisoma.

Ndugu mwananchi, faili la mali likifunguliwa ni mistari ya maneno na mikato, haivutii macho. Hata hivyo kila mstari una kitu nyuma yake: dawati analokalia mtoto, kitanda anachojifungulia mama, ghala ambalo wazee wa kijiji walibeba mawe yake. Orodha itakapobandikwa kijijini kwako, isome kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa juu yake.

Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, kwa kushirikiana na Idara ya Fedha na Kitengo cha TEHAMA.